Mrejesho: lile koti la ngozi la mtumba nililotoa Karume

Wakuu, si niliuliza kama lile koti jeusi nililotoa soko la Karume, Dar, kwa elfu arobaini ni la miaka ya 50 kweli, maana zipu imeandikwa Talon, ile kampuni ya zipu ya Marekani, na wengi mkasema ndo lenyewe. Basi jana usiku nikachukua tochi nikageuza bitana, ndani ya mfuko nikakuta kilebo kina anwani ya New York na mwisho tarakimu tano za posta, nikaishiwa pozi, hizo namba Marekani walianza kuzitumia 1963 kwahiyo koti haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Na Talon wametengeneza zipu miaka mingi mno, yenyewe peke yake haithibitishi kitu, tulijidanganya wote hapa. Fundi alitaka kuitoa hiyo zipu aniwekee mpya "inayoteleza", nikamkatalia, nimeipaka mshumaa tu na inapanda fresh.

Siliuzi lakini, msinifuate inbox. Sasa hivi nawinda lebo ya mtindo wa "New York 3, N.Y.", ile namba ndogo katikati ni ya eneo la posta, ilitumika 1943 hadi 1963 kabla ya hizo tarakimu tano, nikiipata mtasikia kelele zangu mpaka Mbagala.