Kamera ya pili ya USB inagoma kwenye Ubuntu: "No space left on device"

Kitasa: Wakuu, msaada. Kompyuta ya mezani, kamera 3 za USB 2.0, YUYV (picha isiyobanwa) 640×480, fremu 30 kwa sekunde. Moja inapiga kazi vizuri. Nikiwasha ya pili naambiwa "No space left on device". Diski ina nafasi tele. lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) inaonyesha Bus 001 na Bus 002, yaani njia mbili za USB, nimezigawa poti za bluu na nyeusi, hola.

nyaya_moto: Diski haihusiki mkuu, kilichojaa ni njia ya data. Kamera huweka oda ya nafasi kabla ya kutuma picha hata moja, na nyingi huomba kiwango cha juu kabisa: baiti 3072 mara 8000 kwa sekunde, karibu megabiti 197. USB 2.0 ni megabiti 480, ila oda za aina hii zinaishia asilimia 80, yaani 384. Mbili ni 393. Ndiyo maana ya pili inatolewa nje.

Kitasa: Sasa mbona Bus ni mbili?

mzee_wa_terminal: Hapo ndipo wengi wananasa. Kontrola moja ya xHCI (chipu inayoendesha poti za USB) hujiandikisha kwenye Linux kama Bus mbili, moja ya USB 2.0 na nyingine ya USB 3. Poti ya bluu ina nyaya za 2.0 pia, kwa hiyo kamera yako inaangukia Bus ileile. Angalia anwani ya PCI, yaani mahali kontrola ilipounganishwa ndani ya kompyuta:

`readlink -f /sys/bus/usb/devices/usb1`
`readlink -f /sys/bus/usb/devices/usb2`

Zote zikipitia 0000:00:14.0, una kontrola moja tu. Na usihangaike na habu (kigawanya poti), inaongeza matundu, haiongezi njia.

nyaya_moto: Kabla ya kununua chochote, pakia upya uvcvideo, dreva ya kamera za USB:

`sudo rmmod uvcvideo`
`sudo modprobe uvcvideo quirks=128`

Kerneli (kiini cha Linux) itapiga hesabu yenyewe kwa ukubwa wa picha: kama megabiti 147 kila kamera. Mbili zinaingia, tatu (442) haziingii. Inafanya kazi kwa picha zisizobanwa tu, kama YUYV. Ukihamia MJPG, kamera nyingine bado huomba 197 zilezile japo picha imebanwa, kwa hiyo jaribu kwanza.

mzee_wa_terminal: Ya tatu ipeleke kwenye kadi ya USB ya PCIe, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta. Poti nne kwenye chipu moja bado ni kontrola moja, lakini kwako inatosha. Ukishaichomeka, `lspci | grep USB` iongeze mstari. Halafu acha kuita kamera kwa /dev/video0 kwenye programu yako, namba zinaweza kuhama ukiwasha upya. Tumia majina ya /dev/v4l/by-path/, yana anwani ya PCI ndani.

Kitasa: Zote mbili zimepitia 0000:00:14.0. Naanza na quirks.