Naomba ushauri: ukuta wa jengo letu mjini, wasanii wananichanganya

Mwenye Ukuta
Wakuu habari za mihangaiko. Nasimamia jengo la familia hapa Kisutu, ghorofa nne, chini maduka, juu ofisi. Ubavu mmoja hauna dirisha hata moja, ukuta mtupu mita 12 kwa 14, kila wiki unabandikwa matangazo ya waganga. Mzee akasema tutafute wasanii wetu wa hapa hapa Dar wachore kitu cha jiji: feri ya Kigamboni, daladala, mama ntilie. Ukuta unatazama mashariki, bahari haiko mbali, na jua la jioni linaupiga kweli kweli. Swali langu dogo tu: rangi gani itadumu, na msanii analipwa kwa mita au kwa kazi nzima? Kuna mmoja amenitajia bei nikaishiwa pozi. Siku ya tatu leo silali. Natanguliza shukrani.

Fundi Rangi
Mkuu, rangi ya mafuta sahau kwa ukuta wa nje, hasa hayo majengo ya zamani ya mjini. Lipu ina unyevu, ukiuziba hauna pa kutokea, rangi inatoa malengelenge kama kisigino kwenye kiatu kipya. Kwangua, piga msasa, osha ule unga mweupe wa chumvi, acha ukauke kabisa. Hapo ndipo uje na praima, halafu rangi ya maji ya nje. Na jukwaa nani anakufungia? Mirunda ya ghorofa nne si ya kufungwa na mtoto wa jirani.

Mjukuu wa Tunduru
Rangi ya mafuta imenikumbusha Mzee Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kwetu Tunduru. Alianza kuchora Dar mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupaka baiskeli. 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu. Miaka minne tu ya kazi, leo kila duka la watalii lina chui wake. Mjomba wangu alikuwa na picha mbili za zamani za mtindo ule, akazigeuza mlango wa banda la kuku. Nikikumbuka nasikia homa.

Kiroboto
Mchoreni mteja wa Kariakoo anajifanya anaondoka, muuzaji anajifanya hamwiti. Nakaa paleee.

Shangazi wa Ilala
Mwanangu, rangi hainyimi mtu usingizi. Huyo wa bei kubwa ulimjibu nini?

Mwenye Ukuta
Shikamoo shangazi. Ni mambo ya kawaida. Niliita wasanii watano walete michoro ya mfano. Binti mmoja akaleta mzuri mno, akataka milioni 9. Vijana wengine wakasema milioni 3 na nusu, nikawapa wao.

Shangazi wa Ilala
Marahaba. Na hao vijana wanachora mchoro wa nani?

Mzee wa Busara
Vijana wa siku hizi mnataka vya bure. Zamani ukimwita fundi nyumbani unampikia kwanza, ndipo mnazungumza bei. Mimi jengo langu nililipaka chokaa mwaka 1988 na hakuna aliyenidai kitu.

Mwenye Ukuta (baada ya saa tatu)
Sawa, niseme. Wanachora wa binti. Lakini tumeubadili: kwake mama ntilie alikuwa kushoto, sisi tumemweka kulia, na kitenge tumekifanya cha kijani. Wazo la feri na daladala lilikuwa la mzee tangu mwanzo. Na binti nilimpa nauli elfu 20, sikumwacha hivi hivi. Nusu ya ukuta imeshapakwa, milioni 2 zimetoka. Jana alisimama ng'ambo ya barabara, akapiga picha na simu, akaondoka bila salamu. Leo asubuhi mlinzi kanikabidhi barua. Sasa jamani, ukuta si wangu?

Wakili wa Mtaani
Ukuta wako, mchoro wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoundwa, hata kama haijasajiliwa popote. Wazo la feri halina mwenyewe, hapo uko sahihi. Ila namna alivyoipanga na kuichora ndiyo kazi yenyewe, na kitenge cha kijani hakikuokoi. Simamisha, mwite, mlipe mchoro wake na jina lake likae ukutani.

Mwenye Ukuta
Nikisimamisha, jukwaa linahesabiwa kwa siku. Na mdhamini anataka nembo yake ionekane kabla ya mwisho wa mwezi.

Fundi Rangi
Nembo tena? Hilo sasa ni bango, ndugu yangu. Jiandae na watu wa ushuru wa mabango. Mbona unatoa habari kwa kijiko?

Mchoraji wa Mikocheni
Milioni 9 kwa mita za mraba 168 ni kama elfu 53 na kitu kwa mita. Humo toa rangi, jukwaa, wasaidizi wawili, wiki tatu juani. Anabaki na nini? Mimi nilichora ukuta wa mgahawa nikalipwa chipsi mwezi mzima, wakaniambia nitajulikana. Nilijulikana kweli, na wapishi.

Jicho la Tatu
Wakuu, mnakunywa chai nzito. Ukuta unatazama mashariki, jua la jioni linaupigaje? Na Kisutu gani yenye ubavu mzima ambao ghorofa la jirani halijauziba? Mwezi uliopita kulikuwa na uzi wa ukumbi wa harusi, binti wa mchoro huyo huyo, nauli elfu 20 hiyo hiyo.

Kiroboto
Nilishasogeza kiti na karanga jamani!

Mwenye Ukuta
Magharibi, nilikosea, niliandika usiku. Jirani kabomoa nyumba yake, kiwanja kinaegeshwa magari. Ukumbi wa harusi siujui.

Jicho la Tatu
Weka picha.

Mwenye Ukuta
Siweki. Mzee anasoma humu.

Mtu wa Tanga
Watu wa Dar mashariki hamuijui hata mkiamshwa alfajiri. Kibla kwenu ni kaskazini. Simama hapo, mkono wa kulia ndio mashariki. Mfungeni huyu mtu kwa kosa jingine.

Mjukuu wa Tunduru
Mzee anasoma humu, na mtoto kaandika ghorofa, mtaa na vipimo!

Mpita Njia
Nimepita hapo saa kumi nikienda kupanda gari. Jua limejaa ukutani. Vijana wawili wako chini ya jukwaa wanakula mihogo, dereva wa daladala bado hana kichwa. Kitenge ni kijani kweli, ila ya zamani inaonekana kwa chini, walianza na nyekundu.

Shangazi wa Ilala
Haya. Mwenye Ukuta, barua inasemaje?

Mwenye Ukuta
Sijaifungua.