Masta ya sayansi ya ukokotoaji: AIMS Rwanda au Uppsala?

Mzee_wa_Matrix: Wakuu habari za saa hizi. Nina digrii ya hisabati, GPA ya kawaida tu. Nataka masta ya sayansi ya ukokotoaji, ile ya kuchukua kitu kama mafuriko au malaria ukakigeuza milinganyo halafu kompyuta ndo ihangaike nayo. Nimebaki na AIMS Rwanda (ile taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati) na Chuo Kikuu cha Uppsala kule Sweden. Naombeni muundo wenyewe, sio maneno ya brosha. Hela sina.

kijana_wa_tengeru: Kama hela huna ushajijibu mkuu 😂 AIMS wanabeba ada, msosi na malazi, mnaishi palepale. Ni kama miezi 10, kozi zinakuja kwa vipande vya wiki tatu tatu, mwalimu anatoka huko nje anamwaga mzigo anaondoka, hujakaa sawa kaingia mwingine. Mwanzoni wanawanyoosha na Python (lugha ya programu) na LaTeX (ya kuandikia maandishi yenye milinganyo), mwishoni unaandika insha ya utafiti.

Dada Vekta: Hapo kwenye insha usipite haraka. Uppsala ni krediti 120, miaka miwili, na muhula wa mwisho wote, krediti 30, ni tasnifu peke yake. Kule krediti 1.5 ni wiki moja ya masaa 40 kwahiyo ni wiki 20 uko na swali lako moja tu. Kwa anayetaka PhD hiyo ni tofauti kubwa.

Mzee_wa_Matrix: Mbona 120 ni chache, huku kwetu TCU (tume ya vyuo vikuu Tanzania) masta inaanzia 180?

Dada Vekta: Usilinganishe hivyo mdogo wangu, huku krediti moja ni masaa 10, so 180 ni masaa 1,800. Zile 120 za Sweden ni kama 3,200.

mama_klasta: Nyie mnahesabu krediti tu. Mimi nilisoma Ulaya, sitaji wapi, kilichonitoa jasho ni kozi ya programu sambamba, yaani prosesa nyingi zinagawana kazi moja kwa wakati mmoja. Lugha ya C, na MPI ya kuzifanya prosesa zitumiane ujumbe. Nakumbuka usiku mmoja programu yangu imeganda, haitoi kosa wala jibu, nimekaa naitazama kuanzia saa mbili mpaka saa nane usiku, kumbe prosesa mbili kila moja inasubiri mwenzie aanze kutuma. Kama C hujawahi kuigusa anza nayo leo, popote utakapoenda.

kijana_wa_tengeru: Na Sweden tokea 2011 sie wa nje ya Ulaya tunalipa ada, kutuma maombi tu ni krona 900. Skolashipu zipo ila mnagombania wengi.

Mzee_wa_Matrix: Basi naanza na AIMS, Uppsala naomba sambamba 😅 Mama klasta, ile programu ulifanyaje?

mama_klasta: Mmoja atume kwanza, mwenzie apokee kwanza. Nilibadilisha mistari miwili tu, usiku wote ule.