Kuorodhesha violesura vya mtandao kwenye Linux, macOS na Windows

Swali: Wakuu, programu yangu ya C inasoma violesura (sehemu za kompyuta zinazounganisha na mtandao, kama Wi-Fi au Ethernet) kwa ioctl, yaani ombi kwa mfumo endeshi, ya SIOCGIFCONF. Linux inanipa IPv4 tu, macOS inatoa majina ya ajabu ajabu, Windows haikompaili kabisa. Kuna njia moja ya kote?

Jibu 1: Kwa C tupu, haipo. SIOCGIFCONF iache: kwenye Linux hairudishi IPv6, na kwenye macOS urefu wa kila ingizo hubadilika kufuatana na sa_len (sehemu inayotaja urefu wa anwani), kwa hiyo ukiruka kwa sizeof unasoma katikati ya ingizo jingine. Tumia getifaddrs(), kitendaji kinachorudisha orodha ya violesura na anwani zake, ipo Linux, macOS na BSD. Kiolesura kimoja hujirudia, mara moja kwa kila anwani, basi maingizo yakusanye kwa ifa_name (jina la kiolesura). Na kagua ifa_addr (kielekezi cha anwani) kabla ya kuigusa! Inaweza kuwa NULL, yaani tupu, hasa kwa violesura vya VPN aina ya tun (vya programu, si kifaa halisi), na hapo ndipo programu nyingi huanguka. Ukimaliza, achilia kumbukumbu kwa freeifaddrs().

Jibu 2: Kwa Windows kitendaji ni GetAdaptersAddresses(), pamoja na maktaba ya iphlpapi.lib. Anza na bafa (nafasi ya kumbukumbu ya kupokea majibu) ya KB 15. Ikirudisha ERROR_BUFFER_OVERFLOW, yaani bafa ni ndogo, tenga upya kwa ukubwa iliokuandikia kisha rudia. Mtumiaji muoneshe FriendlyName, maana AdapterName ni GUID tu (msimbo mrefu wa utambulisho).

Jibu 3: Ukitaka anwani za MAC (za kifaa chenyewe cha mtandao), kwenye matokeo ya getifaddrs() tafuta anwani za aina ya AF_PACKET kwenye Linux, AF_LINK kwenye macOS na BSD. Kama C si lazima, psutil.net_if_addrs() ya maktaba ya psutil ya Python inakumalizia yote hayo, na psutil.AF_LINK inafanya kazi kote.