Wavunaji wa Mass Effect wanasema wanaleta utaratibu. Utaratibu wa nani?

FundiManeti, Kadutu

Jambo ndugu zangu. Nina sale ndogo, chumba cha kuchezea michezo ya video, huku Kadutu, Bukavu: televisheni mbili, mashine mbili za PS3, benchi na daftari la zamu. Mchana ni mpira mtupu. Usiku nikishafunga mlango ndipo nacheza yangu, na juma lililopita nimemaliza Mass Effect 3, mchezo wa vita vya angani, ile ya 2012, kwa Kifaransa. Bado inanikera.

Mwishoni kabisa anatokea mtoto wa mwanga, Catalyseur. Ananieleza kwa upole kama katekista kwamba Moissonneurs, wale wavunaji wanaofyeka ustaarabu wote kila miaka 50,000, ni dawa yake ya vurugu. Eti kilichoumbwa siku zote kitamwasi aliyekiumba, basi heri watu wavunwe mapema kabla mashine zao hazijawamaliza wote.

Lakini mimi mchezoni natoka sayari ya Rannoch! Nimewapatanisha Quariens na Geth, mashine walizoziunda wenyewe, baada ya uadui wa miaka kama 300. Na ugomvi wenyewe hawakuuanza Geth: mashine ziliuliza kama zina roho, mabwana wakaingiwa na hofu, wakaanza kuzizima. Sasa Geth wanaingia ndani ya mavazi ya Quariens kuwazoesha miili hewa ya kwao. Nikangoja nipewe pa kumwambia mtoto yule, "Njoo uwaone." Hakuna. Haribu, tawala au changanya, chagua moja.

Waandishi walisahau, au walitaka nikose la kusema? Nauliza kwa sababu sauti hiyo naijua. Palikuwa na kijana mmoja mwenye kifua, akajitolea kukomesha kelele za zamu hapa kwangu. Kweli zilikoma. Mwezi wa pili akawa anacheza bure, wa kwanza kila siku, na watoto wadogo hawaji tena.

Toto ya Bagira

Mimi nilimpiga risasi yule mtoto. Kwa mchezo tu, yaya! Sauti ikageuka ikawa ya Mvunaji, akakubali "na iwe hivyo", tukafa wote. Hiyo waliiongeza Juni 2012 watu walipolalamika. Kabla ya hapo hata kukataa hukuruhusiwa.

Mama Vitenge

Kaka Fundi, usiudharau utaratibu haraka hivyo. Mimi nacheza Fallout: New Vegas, ya 2010, jangwani Amerika baada ya vita vya nyuklia. Raul, yule fundi mzee, anakwambia Arizona ilikuwa imejaa majambazi mpaka Legioni ya Kaisari, jeshi la mbabe mmoja, ilipofika. Wachuuzi wanapita nchi yao bila kuguswa. Niliposikia hayo nilisimamisha mchezo nikafikiri, kwa sababu mimi hupeleka mzigo kisiwani Idjwi, na kuvuka ukafika na mzigo wako wote si jambo dogo. Mtu ambaye hajawahi kuhesabu marobota yake mara tatu usiku mmoja atasema uhuru, uhuru.

Ila Legioni hiyo hiyo inawafanya wanawake watumwa. Kwenye barabara ile salama mimi singekuwa mchuuzi, ningekuwa mzigo. Nikaichagua Jamhuri, adui wa Legioni, pamoja na kodi zake na maofisa wake wanaochoka kabla ya saa sita. Sikuipenda. Niliichagua tu.

Mwalimu wa Ibanda

Fundi, hawakusahau. Jibu wameliweka kwenye nyongeza ya Leviathan, Agosti 2012, iliyouzwa peke yake (hapo nami nawalaumu). Unashuka chini ya bahari unawakuta waliomtengeneza huyo mtoto. Walikuwa mabwana wa galaksi, kila taifa linawaletea ushuru. Mataifa yakawa yanaunda mashine, mashine zinayaangamiza, na aliyekufa haleti ushuru. Ndipo wakaunda akili ya kulinda uhai. Nayo ikawageukia wao, ikawavuna, ikajenga Mvunaji wa kwanza kwa miili yao.

Sasa angalia. Huyo anayekuhubiria kwamba kilichoumbwa huasi, yeye mwenyewe ndiye aliyeasi. Na "vurugu" aliyotumwa kuitibu ilikuwa ni hasara ya watoza ushuru.

FundiManeti, Kadutu

Mwalimu, aksanti. Hapo kwenye ushuru nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama Vitenge, nimekusoma mara mbili. Kusema kweli, siku kijana yule alipoondoka zamu zilirudi kuwa vita, na juzi maneti moja, kile kishikio cha kuchezea, imevunjwa. Simrudishi. Nimebandika daftari ukutani kila mtu aone jina lake, na umeme ukikatika katikati, dakika zinaandikwa mbele ya mwenyewe. Wanagombana bado, ila sasa wanagombana na karatasi.

Mwalimu, hiyo Leviathan ni giga ngapi? Kifurushi changu kinaisha Jumapili.