Kishikwambi kinasema neno mara tatu: nianze na muda wa kugusa au swichi?

Mwl_Wete
Assalaam alaykum. Mwanafunzi wa miaka 9, ana mtindio wa ubongo, anatumia kishikwambi cha Samsung chenye ubao wa picha wa visanduku 20: akigusa picha, kishikwambi kinasema neno lake. Shabaha anayo, ila kiganja kinatua kabla ya kidole, na kidole kikifika kinagonga mara mbili tatu: "maji, maji, maji." Kichwa anakigeuza vizuri kushoto. Nianze na muda wa kugusa (kidole kikae kiooni kiasi gani ndipo kihesabiwe), au tuhamie swichi, yaani kitufe kimoja anachobonyeza kwa kichwa mwanga ukifika kwenye picha anayoitaka? Na kuitengeneza swichi, fundi wa Chake Chake anaweza?

bi_ufikivu
Wa alaykum salaam Maalim. Swichi isubiri. Anayelenga kwa kidole husema haraka kuliko anayengoja mwanga upite kisanduku kwa kisanduku.

Ingia Mipangilio, Ufikivu, kisha sehemu ya utumiaji wa mikono. Mnayo mawili humo. La mwanzo ni kupuuza miguso inayorudiwa: weka sekunde 1, "maji" zile za ziada zitakatika. La pili ni muda wa kugusa: anza na sekunde 0.3, na ukiongeza, ongeza 0.1 tu kila mara. Badilisha moja, mumuache alitumie siku chache, ndipo mguse jengine; mkigeuza yote pamoja hamtajua lipi limesaidia.

Tizama pia ndani ya programu ya ubao wenyewe. Nyingi zina muda wao wa kushikilia, na ukiwasha huko na kwenye kishikwambi, nyakati hujumlishana na mtoto huonekana kama hajui. Chagua pahala pamoja.

Na mkao! Akikaa mkekani bila egemeo, mkono unashughulika kumzuia asianguke. Kiti chenye egemeo, nyayo zikanyage, kiwiko kilale mezani.

fundi_mkoani
Kiganja kinachotangulia dawa yake ni kibao cha matundu: perspeksi (plastiki ngumu inayoonyesha) ya milimita 3, tundu moja kwa kila kisanduku. Kiganja kinalala juu ya kibao, kidole kinazama. Wachonga mabango wanakikata ukiwapelekea vipimo, lakini pima kishikwambi kikiwa ndani ya kava lake, si kitupu. Kibao kikielea juu ya kioo, kidole kifupi hakifiki. Na jasho lifutwe: kioo huhesabu tone la maji kama mguso.

Mwl_Wete
Ahsanteni. Muda wa kugusa nimejaribu 0.5. Sasa hakirudii, ila ukurasa unateleza badala ya kusema.

bi_ufikivu
Mrefu mno kwake. Kidole kinachotetema hakitulii nusu sekunde, kinasogea, na programu inadhani anavuta ukurasa. Rudi 0.3 na ufunge kuteleza kwa kurasa. Kama programu ina chaguo la kusema kidole kinapoinuliwa, hilo ni zuri zaidi kwake: anatua popote, anaburuta hadi kwenye picha, anainua.

Ikishindikana ndipo swichi, iwekwe kushoto mwa kichwa. Kasi ya mwanga msiikisie. Pima anachukua muda gani kubonyeza tangu aambiwe "sasa", mara kadhaa, tafuta wastani, gawa kwa 0.65. Wastani ukiwa sekunde 1.3, mwanga ukae sekunde 2 kila kisanduku. Kisanduku cha kwanza kipeni muda wa ziada, hicho ndicho kinachokosewa zaidi. Maneno ya kila saa yakae juu kushoto, pahala mwanga unapofika mwanzo.

fundi_mkoani
Fundi wa Chake anaiweza. Kitufe kinachorudi juu chenyewe kikiachwa, waya mbili, plagi ya mono (yenye ncha na shina tu) ya milimita 3.5. Akitumia plagi ya stirio (yenye pete katikati), aunge ncha na shina. Akiunga pete ya kati, swichi haitafanya kazi. Swichi haichomekwi tundu la spika za masikioni. Inahitaji kiunganishi kinachoigeuza kuwa kitufe cha kibodi. Cha waya wa USB nakipendelea, maana vya Bluetooth vingi hulala, na bonyezo la mwanzo huishia kukiamsha tu.

Swichi ikianza kurudia, msimlaumu mtoto kwanza. Bonyezeni wenyewe mara 20 kwenye ukurasa wa kuandikia. Zikitoka herufi zaidi ya 20, vigusio vya ndani ya kitufe vimeliwa na kutu, na kwa upepo huu wa chumvi si ajabu. Badilisheni kitufe, waya na plagi vibaki.