Mulholland Drive: nusu saa ya mwisho inageuza kila kitu, tuipangeje?

KitiChaNyuma ameandika:

Wakuu, naomba msaada kuhusu Mulholland Drive ya David Lynch, ile ya 2001. Itaonyeshwa kwenye kikundi chetu cha watu wapatao kumi, wengi hawajawahi kuiona, na baada yake kuna mjadala. Kwa muda unaokaribia saa mbili tunamfuata Betty, binti mchangamfu aliyetua Los Angeles kutafuta uigizaji, pamoja na Rita aliyepoteza kumbukumbu kwenye ajali ya gari. Halafu kisanduku cha bluu kinafunguliwa, na ghafla mwigizaji yuleyule, Naomi Watts, ni Diane, mwanamke aliyechakaa na kukata tamaa, na Laura Harring aliyekuwa Rita sasa anaitwa Camilla.

Jibu la "ilikuwa ndoto" nalijua. Ninachotafuta ni ushahidi: vitu gani ndani ya picha vinaonyesha kipi kilitangulia kipi? Na kwa nini inatisha hivi wakati tukio lake la kutisha kuliko yote liko mchana kweupe? Kama kuna tahadhari za kuionyesha mbele ya watu, nazo nazihitaji. Mwisho wa hadithi mnaweza kuutaja bila kificho.

FunguoBuluu amejibu:

Mkuu, anzia kwenye nyumba ya Diane, usianzie kwenye kisanduku. Pale sebuleni kuna meza ndogo mbele ya kochi, na meza hiyo ndiyo kalenda ya filamu nzima.

Diane anapoamka, jirani yake anagonga mlango kuja kuchukua vitu vyake. Walibadilishana nyumba, ndiyo sababu Betty na Rita walimtafuta namba 12 wakaambiwa yuko namba 17. Kati ya vitu anavyochukua jirani ni kisahani cha majivu ya sigara chenye umbo la piano. Basi kila tukio ambalo kisahani hicho kiko mezani lilitokea kabla ya asubuhi hiyo. Mezani hapohapo kuna ufunguo wa bluu, wa kawaida tu. Baadaye, kwenye mgahawa wa Winkie's, tunaona muuaji wa kukodiwa akimwambia Diane kwamba kazi ikiisha ataukuta ufunguo huo mahali alipomwelekeza. Ufunguo uko mezani, kwa hiyo Camilla ameshakufa. Jirani anaongeza kwamba wapelelezi wawili wamekuja tena kumuulizia.

Sasa angalia mkono wa Diane. Anatengeneza kahawa akiwa na gauni lake chakavu la nyumbani, anabeba kikombe kuelekea kwenye kochi. Kamera inapanda juu ya mgongo wa kochi, Camilla amelala pale, na Diane anayetokea si yule wa gauni: amevaa kaptura ya jinzi, ameshika glasi ya pombe, na kisahani cha piano kimerudi mezani. Hakuna maandishi wala muziki wa kukuambia kwamba tumerudi nyuma. Watu wengi hupotelea hapo kwa sababu wanaangalia nyuso tu.

Kwa mpangilio wa matukio: Diane anatoka Deep River, Ontario, baada ya kushinda shindano la kucheza jitterbug. Anakutana na Camilla kwenye usaili wa The Sylvia North Story, Camilla anapewa nafasi kubwa na kumsaidia Diane kupata vijinafasi. Wanakuwa wapenzi, Camilla anamwacha, inafuata karamu nyumbani kwa mwongozaji Adam, kisha Winkie's na muuaji, kisha ufunguo. Diane analala, na hapo ndipo linapoingia lile simulizi refu la Betty na Rita. Anaamka, kumbukumbu zinamjia vipande vipande, anajiua. Dokezo la usingizi limewekwa hata kabla ya jina la filamu: kamera inashuka hadi kwenye mto wa kitandani huku mtu akihema.

Na simu yenye taa ya kofia nyekundu pembeni usiipite. Kwenye sehemu ya kwanza inalia bila kupokelewa, mwishoni mwa mlolongo wa simu za wakubwa wa siri. Kwenye sehemu ya pili tunagundua ni simu ya Diane mwenyewe, na anayepiga ni Camilla, akimwambia gari linamsubiri.

MezaYaKaramu amejibu:

Nakubaliana na FunguoBuluu kuhusu meza, lakini mjadala wenu utakuwa mkavu mkiishia kwenye vitu. Vaeni macho ya Diane kwenye ile karamu ya Mulholland Drive namba 6980, kwa sababu karibu kila kipande cha ndoto kimetoka pale.

Mama yake Adam, Coco, anamhurumia Diane mezani kwa namna inayomdhalilisha. Ndotoni ni msimamizi wa nyumba anayempokea Betty kwa upendo. Mwanamke wa nywele za dhahabu anayembusu Camilla mbele yake, ndotoni ndiye "Camilla Rhodes", msichana asiyejulikana anayepewa nafasi kwa vitisho vya majambazi. Hivyo kushindwa kwa Diane kunakuwa kosa la majambazi. Adam anasema kwa kicheko kwamba kwenye talaka yeye alibaki na bwawa la kuogelea na mkewe akabaki na fundi wa bwawa. Sentensi moja tu, na ndotoni tunaiona imekuwa fedheha kamili: anamfumania mkewe kitandani na fundi, anapigwa, anafukuzwa kwake mwenyewe.

Kisha limozini. Katika maisha halisi linasimama barabarani, Camilla anatokea vichakani na kumshika Diane mkono, wanapanda njia ya mkato. Diane anaamini amerudishiwa penzi, kumbe anapelekwa kushuhudia likizikwa. Ndotoni, kwenye barabara ileile, aliye ndani ya limozini ni Rita, yuko karibu kuuawa, na ajali inamwokoa. Mwanamke ambaye Diane amelipia kifo chake anaokolewa, anasahau kila kitu, na anakuja kumtegemea yeye. Hata jina "Rita" analiokota kwenye bango la filamu ya Gilda lenye Rita Hayworth, kwa hiyo ni mtu asiye na chochote zaidi ya anachopewa na Betty.

Kwangu hilo ndilo linaloumiza kuliko yule kiumbe wa kutisha anayetokea nyuma ya mgahawa wa Winkie's. Pesa za mauaji zimehamia kwenye mkoba wa Rita. Jina la mhudumu wa Winkie's aliyewapa kahawa wakati wa kupanga mauaji, Betty, limekuwa jina la msichana asiye na doa. Muuaji anaonekana mzembe: anataka kuua mtu mmoja, anaishia kuua watatu. Ndoto inamwombea muuaji ashindwe, maana Diane anajua hakushindwa. Nafsi inamsuta hata akiwa amelala, ndiyo sababu Betty na Rita wanakwenda wenyewe hadi namba 17 na kukuta maiti kitandani.

ReliYaZamani amejibu:

Msiifunge hesabu mapema, ndugu zangu. Sehemu kubwa ya mnachokiita ndoto ilipigwa mwaka 1999 kama kipande cha majaribio cha tamthilia ya televisheni kwa ajili ya kituo cha ABC cha Marekani. ABC walikikataa. Studio Canal ya Ufaransa ikatoa fedha, na mwaka 2000 Lynch akawakusanya waigizaji tena, akapiga mambo mapya na kutengeneza filamu inayojitegemea. Mei 2001 ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Lynch akapata tuzo ya mwongozaji bora pamoja na Joel Coen.

Hii ina maana kubwa kwa mjadala. Mpelelezi anayechezwa na Robert Forster anatokea mara moja na kupotea. Kitabu cheusi alichochukua muuaji hakielezwi. Hizo ni njia zilizofunguliwa kwa ajili ya vipindi ambavyo havikupigwa. Ukilazimisha kila moja iwe alama ya akili ya Diane, utaanza kubuni. Nakubali nadharia ya ndoto inabeba uzito mwingi, na MezaYaKaramu ameionyesha vizuri, lakini mwambie mtu akikuuliza "na yule mpelelezi?" kwamba jibu la kweli ni historia ya utengenezaji.

Toleo la kwanza la DVD Marekani lilikuja na karatasi ya dondoo kumi za Lynch, baadhi kwa mtindo wa maswali: angalia taa nyekundu, ajali ilitokea wapi, nani anatoa ufunguo na kwa nini, je, kipaji peke yake ndicho kilichomsaidia Camilla. Gawa hizo kwa kikundi baada ya kuangalia. Ukizitoa kabla, watu watawinda vitu na hawatamsikiliza mtu hata mmoja. Lynch alifariki Januari 2025 bila kuieleza filamu hii, na sioni hasara.

SautiYaChini amejibu:

Swali la hofu ya mchana: iangalie Winkie's ya mwanzo sauti ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imefunguliwa. Mwanaume anamsimulia mwenzake jinamizi lake, chakula hakijaguswa. Kamera ya Peter Deming, mpiga picha wa filamu hii, haitulii hata wakati wamekaa. Inaelea, inapanda na kushuka kidogo, kana kwamba kuna mtu wa tatu mezani. Halafu mwenzake anakwenda kulipa na kusimama palepale alipokuwa amesimama kwenye jinamizi. Tumeshaambiwa kitakachotokea, na bado tunatembea nao hadi ukutani nyuma. Kelele za mji zinapungua, unabaki mvumo mzito wa chini. Kiumbe anapotokea, anateleza kutoka pembeni ya ukuta, harukii mtu. Hofu imetengenezwa na kusubiri.

Club Silencio, ule ukumbi wa maonyesho wanakokwenda Betty na Rita usiku, inafanya kinyume, na matokeo ni yaleyale. Mtangazaji anasema wazi kwa Kihispania, Kifaransa na Kiingereza kwamba hakuna bendi, yote imerekodiwa. Mpiga tarumbeta anaondoa tarumbeta mdomoni na sauti inaendelea. Umeonywa. Kisha Rebekah Del Rio anaimba "Llorando", yaani "Crying" ya Roy Orbison kwa Kihispania, bila ala yoyote, na unaamini. Anaanguka jukwaani, wimbo unaendelea bila yeye. Oanisha na usaili wa Betty: nyumbani alisoma maneno yale kwa kufoka, kwenye usaili anayanong'ona karibu na mdomo wa mwenzake na maana inageuka kuwa tamaa. Filamu inakuonyesha kwamba hisia za kweli zinaweza kuamshwa na kitu cha bandia, na Diane ameishi ndani ya kitu hicho.

Kuhusu kuionyesha: urefu ni karibu dakika 147, usiweke mapumziko. Ukikata katikati, watu wanaanza kutafuta majibu kwenye simu. Spika za kompyuta ndogo hazitoi ule mvumo, tafuta spika kubwa zinazotoa besi, na pandisha sauti kabla ya kuanza kwa sababu mazungumzo mengi ni ya chini. Usitumie toleo la kutafsiriwa kwa sauti ya DJ juu ya picha. Ukimya wa Silencio utaisha kabisa. Maandishi ya chini ni sawa. Na waambie watu mapema kwamba kuna mapenzi ya wazi na mtu anajiua kwa bastola. Si ya watoto, na mwenye jeraha la jambo hilo ana haki ya kujua kabla hajakaa.

KitiChaNyuma ameandika:

Nashukuruni sana. Bado moja: yule Cowboy, mtu wa ajabu anayempa Adam onyo, na wale wazee wawili. Wazee wanamsindikiza Betty uwanja wa ndege kwa upole, mwishoni wanapita chini ya mlango wakiwa wadogo kama mende. Ni nini?

FunguoBuluu amejibu:

Cowboy alimwambia Adam: ukifanya vizuri utaniona mara moja zaidi, ukifanya vibaya mara mbili. Baadaye anatokea mlangoni kwa Diane akimwamsha, na anapita nyuma kwenye karamu. Adam hamwoni, anayehesabiwa ni Diane, na alifanya vibaya.

Wazee wako pamoja na Diane kwenye picha ya ushindi wa jitterbug mwanzoni kabisa, basi wanabeba ile sifa na matumaini aliyotoka nayo nyumbani. Rudia tukio la uwanja wa ndege ukifika pale wanapoondoka ndani ya gari: kicheko chao kinabaki usoni kimeganda, muda mrefu kupita kiasi, na Betty hayupo tena wa kuonyeshwa upole. Hapo ndoto inaanza kupasuka, dakika chache tu baada ya kuanza. Ukimaliza filamu, waonyeshe tena dakika kumi za mwanzo pamoja na kipande hicho cha gari. Mjadala utajiendesha wenyewe.